Ushanga Chini ya Kigoda

Sajenti Joha alivipindua vigoda vyote viwili, miguu juu, akaviweka mezani katika chumba cha vielelezo, akavikodolea macho mpaka mkuu wake akachoka kumsubiri.

"Sajenti, vigoda havisemi," Mkaguzi Amos alisema kutoka mlangoni.

"Hivi vinasema, afande. Tena vyote vinasema neno moja, ndiyo maana vinanichosha."

Chini ya kila kigoda, pale miguu mitatu inapokutana, kulikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu punje moja ya ushanga mwekundu iliyogandishwa kwa gundi. Kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi hapakuwa na mtu ambaye hajasikia habari za ushanga ule. Wengine walishautia chumvi mpaka ukawa hirizi. Hirizi gani! Ilikuwa alama ya kazi ya Fabiola Budeba, mbunifu wa maonyesho ya makumbusho, mwanamke aliyeanzisha kampuni yake mwenyewe na kufungua karakana pale Mikumi kando ya barabara kuu. Kila nakala iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na punje moja nyekundu mahali pa siri, ili mtaalamu akiigeuza ajue kwamba kitu kile ni cha kuigiza.

Safari hii Fabiola alikuwa anajenga makumbusho madogo ya wilaya. Mzee Hussein Mwinshehe wa Chanzuru alimwazima kigoda cha ukoo wao, kile anachokalia mkuu wa ukoo kila mwaka kabla ya kupanda, akiomba mvua. Sharti lilikuwa moja: kwenye kabati la kioo ikae nakala, na kigoda chenyewe kirudi nyumbani. Kikarudi. Fundi wa Fabiola, kijana Boniface Maduhu, alikileta kimefungwa vizuri kwenye kasha, akaukuta ukoo mzima uwanjani unamngoja. Kwa desturi yao kigoda kikitoka safari huoshwa kwa maji ya unga kabla hakijaingia ndani, na huanza kuoshwa chini. Mpwa wa mzee akakigeuza ili amwage maji, akaona ushanga.

Basi tena. Kilichoko kwenye kioo kina ushanga, kilichorudi kina ushanga. Cha kweli kiko wapi? Wakamkamata Boniface, wakamfunga kamba, na kama si mwenyekiti wa kitongoji kuwahi, angefika kituoni maiti. Fabiola mwenyewe asingeweza kusema lolote. Kiharusi kilikuwa kimempiga siku chache kabla ya safari ile.

"Kesho asubuhi karandinga linampeleka Morogoro," Amos alisema. "Wazee wako hapo nje tangu alfajiri. Umewasikia wanavyoimba? Eti wafugaji wametulishia mashamba, sasa wametuibia na kigoda. Mimi nataka hili jambo litulie kabla halijawa vita."

"Shika hiki, afande." Joha akampa kigoda cha kwenye kioo.

Amos akakipokea kwa mikono miwili, kikapaa mikononi mwake kwa wepesi. "Khaa! Plastiki?"

"Kimemiminwa kwenye kalibu, halafu kikapakwa rangi. Sasa shika hiki kilichorudi."

Hicho kilikuwa mti mtupu, mninga, kizito. Mabonde ya patasi yalionekana kila mahali.

"Karakana ya Fabiola haichongi, inamimina," Joha alisema. "Hiki nani kakichonga? Halafu niambie, mwizi gani anatengeneza kigoda bandia ili kipite kama cha kweli, kisha anakibandika alama ya ubandia?"

"Mwizi mjinga. Wapo wengi tu."

"Boniface anaujua ule ushanga kuliko mimi na wewe."

"Basi alisahau."

"Afande, unasahau kitu ulichokitoboa na kukigandisha mwenyewe?"

Amos akakirudisha kigoda mezani taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Sina ugomvi na huyo kijana, Joha. Nipe mtu mmoja wa kusimama mbele ya hakimu aseme tofauti. Mmoja tu. Maswali yako siwezi kuyapeleka mahakamani."

Boniface alikuwa amejikunyata pembeni mwa mahabusu, jicho moja limevimba. Alipomwona Joha akasimama haraka.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Wewe na huyu Oliver wa Kidodi, muuza vinyago, mna biashara gani? Simu yako imempigia mara nyingi mno juma lile."

"Nilikuwa natafuta kinu, afande. Kinu kikuukuu cha onyesho la jikoni. Mama Budeba alisema kinu kipya kinadanganya watu."

"Tutaona. Kigoda alikifunga nani?"

"Mimi. Nilikikuta mezani kwa mama, chumbani kwake. Alikuwa amejifungia nacho mchana kutwa. Alipotoka akaniambia, Boni, hiki kifunge ukirudishe." Akatazama sakafu.

"Sema."

"Akaniambia nimpe mzee Mwinshehe mwenyewe, mkononi, ndani kwake. Nisikitoe mbele za watu. Alirudia, afande, mpaka nikamwambia mama nimesikia. Jioni ile ile akaanguka."

"Na wewe ukakitoa uwanjani."

"Nimefika, watu wamejaa, ngoma inapigwa, wananiambia teremsha. Ningewaambia nini? Kwamba nataka kuingia chumbani kwa mzee na kigoda chao? Jina langu Maduhu, afande, la Kisukuma, la wafugaji. Pale Chanzuru nikisema hapana nani angenisikiliza?" Akasimama tena. "Nilikosea. Lakini sikuiba. Wallahi... mimi Mkristo, lakini naapa hivyo hivyo, sikuiba."

Nje, kwenye benchi la wageni, mkewe Raheli alikuwa amekaa na hotipoti mapajani, mimba imeshakaribia kutimia. Hakumwuliza Joha chochote. Alimtazama tu, na Joha akapita upesi akijifanya anatafuta funguo za pikipiki.

Kidodi palimlia muda bure. Kutoka Mikumi kwenda kule alijikuta nyuma ya malori ya miwa, mabua yanadondoka barabarani, vumbi mpaka kwenye meno. Na alipofika, Oliver, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo, alimshika mkono akampeleka nyuma ya duka.

"Biashara yangu na Boni ni hii hapa." Akaonyesha kinu kilichopasuka mdomo. Kuku alikuwa amekaa ndani. "Alisema atakuja kukichukua. Hajaja, kuku akahamia. Sasa mwanangu kakosa nini jamani? Mbona mnamsumbua mtoto wa watu?"

Joha alimfukuza kuku, akakigeuza kinu, akatazama chini. Hakuna ushanga. Aliona haya mwenyewe.

Karakana ya Mikumi ilinuka gundi na rangi. Ukutani zilipangwa picha za kazi za Fabiola: ukumbi wa reli wenye behewa lililokatwa nusu ili wageni waone ndani, ukumbi wa mkonge, ukumbi wa wanyama ambamo watoto walitambaa kwenye kichuguu. Lightness, msaidizi wake mkuu, alikuwa peke yake. Mafundi wengine walishakimbia wakihofia kuchomewa karakana.

"Ulifanya naye kazi muda gani?"

"Tangu nimalize chuo. Kila ninachokijua kanifundisha yeye."

"Niambie habari za ushanga. Anza mwanzo."

Lightness akavuta stuli. "Mama alikulia Munisagara, huko kwenye stesheni ya reli. Baba yake alikuja na ng'ombe kutoka Usukumani. Ng'ombe wakaisha kwa maradhi, akapata kibarua cha reli. Mama akawa anachora vibao vya stesheni, tena kwa mkaa kwanza, halafu rangi. Mzungu mmoja wa reli akaona mkono wake, akampeleka Dar kwenye mambo ya makumbusho. Huko akawa fundi wa nakala hodari kupita wote. Ndipo yakamkuta."

"Nini?"

"Alitengeneza nakala ya mlango wa kuchonga. Nzuri sana. Siku ya kuhamisha vitu stoo, watu wakachanganya. Mlango wa kweli ukakaa stoo unaliwa na mchwa, nakala ikawekwa ukumbini. Watafiti wakaja wakaipima, wakaiandikia vitabu. Mama alipokuja kugundua akaenda kwa bosi wake, akasema tuwaambie watu. Bosi akamwambia, Fabiola, mgeni hajali, anachotaka ni kupiga picha. Mama akaacha kazi siku ile ile, akaja kufungua kampuni yake. Na tangu hapo hakuna kitu cha uongo kilichopita mbele yake bila ushanga. Hata sisi tukiharakishwa na mteja, yeye anasema hakitoki."

Joha alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaacha. "Rudia hapo. Kitu cha uongo kilichotengenezwa na nani?"

"Na yeyote."

"Siyo mlichotengeneza ninyi tu?"

"Hapana, afande. Hoja siyo nani katengeneza, hoja ni kama ni cha kweli. Kuna padri alituazima chungu akisema ni cha zamani za mababu. Mama akakipapasa, akajua ni cha juzi, cha sokoni. Hakumwaibisha. Alikitia ushanga, akamrudishia faraghani, akamweleza taratibu. Padri mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini."

Joha akakumbuka maneno ya Boniface.

Mama akajifungia na kigoda mchana kutwa. Mpe mzee mwenyewe mkononi. Ndani kwake. Usikitoe mbele za watu.

"Lightness. Mzee Mwinshehe alipoleta kile kigoda, wewe ulikiona?"

"Nilikiona kimefungwa kaniki. Alisema wanawake tusikishike ila mama tu, maana ndiye aliyepewa ruhusa."

"Na kalibu ya nakala ya kwenye kioo ilichukuliwa kwenye kigoda hicho hicho?"

"Hicho hicho."

"Basi hakuna cha tatu," Joha alisema, na alijisemea mwenyewe zaidi kuliko kumwambia yule binti. "Kilichokuja ndicho kilichorudi."

Lightness akamtazama, taratibu akaelewa, akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu. Mama ndiye kamfunga Boni."

Fabiola alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mdomo ulikuwa umepinda upande, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake. Macho tu ndiyo yaliyokuwa na mtu ndani. Joha akamwamkia, akavuta kiti karibu, na muuguzi akasimama upande wa pili.

"Mama, mimi ni Sajenti Joha. Nimekuja kwa ajili ya Boniface. Kigoda alichokuletea mzee Mwinshehe, kilikuwa bandia tangu kilipofika?"

Fabiola akaitikia kwa kichwa.

Joha akainamia kitanda. "Ushanga uliutia wewe mwenyewe?"

Akaitikia.

"Kwa sababu si cha kweli. Ulitaka umweleze mzee faraghani."

Akaitikia tena, kwa nguvu. Joha alishatoa simu yake, anatafuta namna ya kurekodi, muuguzi akamgusa bega.

"Afande, samahani. Muulize kama wewe ni mtoto wake."

"Kwa nini?"

"Muulize tu."

Joha akamgeukia Fabiola. "Mama, mimi ni mwanao wa kuzaa?"

Kichwa kikaitikia vile vile, kwa nguvu ile ile. Na hapo machozi yakaanza kumtoka Fabiola, maana alisikia swali na alijua jibu, lakini kichwa kilikuwa kinajiendea chenyewe.

"Anaitikia kila kitu," muuguzi alisema kwa upole. "Daktari kashaandika hivyo. Labda mbele huko atapata nafuu, labda asipate."

Joha hakukubali. Alitia kalamu kwenye mkono wa kushoto wa Fabiola, akamshikia karatasi juu ya kitabu. Mkono ukajitahidi. Kalamu ikaburuza mstari mmoja, ikatoboa karatasi, ikaanguka sakafuni na kubingirika chini ya kitanda. Joha akapiga magoti kuitafuta, akakaa kule chini muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji, kwa sababu hakutaka kuinuka na kuyaona yale macho.

Nyumba ya Mzee Hussein Mwinshehe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imejengwa upya juu ya msingi wa zamani. Ukuta mmoja wa zamani ulibaki, wa stoo, na alama ya maji ilikuwa imeuzunguka kufika kifuani kwa mtu mzima. Mto Mkondoa ulipofurika mwaka ule, nusu ya mtaa ilihamia kwenye mahema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akamletea kiti, akamwita mjukuu alete maji ya kunywa, kisha akamfukuza mjukuu. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu safi, mikono yenye sugu. Kwenye kona ya baraza palikuwa na kitanda alichokuwa anakichonga miguu, patasi zimepangwa juu ya gunia.

Joha aliziangalia zile patasi. "Mafuriko yalikuta nini humu, mzee?"

"Hayakubakiza kitu. Mahindi, mbuzi, godoro, cheti changu cha ndoa. Vyote vilikwenda na maji."

"Kigoda kilikuwa wapi?"

"Humo stoo. Ndipo mahali pake."

"Sakafuni?"

"Sakafuni. Hakiwekwi juu ya kitu."

"Na maji yalifika hapa." Joha akagusa ile alama ukutani. "Yakachukua mbuzi, yakaacha kigoda."

"Mungu ni mkubwa," mzee alisema, lakini hakumtazama.

Mjukuu alikuwa anapiga mpira ukutani kwa nyuma, du, du, du.

"Mzee, sikuja kukukamata. Hakuna sheria inayomfunga mtu kwa sababu kanyang'anywa kitu na mto. Nimekuja kukwambia jambo ambalo hulijui. Ule ushanga hakuutia Boniface. Aliutia Fabiola, kwa mkono wake, alipogundua unachokijua wewe. Na alimwagiza kijana akupe ndani, peke yako, ili asikuaibishe."

Mzee akainua uso. "Alijua?"

"Alijua."

"Mama Budeba alijua, akaninyamazia?" Akashika patasi moja, akairudisha. "Mimi nilifikiri kijana kauza... hapana. Sikufikiri hivyo. Niseme kweli. Nilipouona ule ushanga nilijua kigoda ni changu, nimekichonga mimi hapa barazani, nikakipaka masizi na mafuta ya nyonyo. Niliwasikia wanapiga kelele, mwizi, mwizi. Mimi sikusema mwizi. Niulizie. Sikusema neno."

"Ndiyo hilo, mzee. Hukusema neno."

Akajifuta macho kwa upindo wa kanzu. "Ukoo umekikalia kile changu, mvua zote hizi tangu mafuriko. Mwaka uliofuata jua likachoma mahindi. Kaka yangu akazika mtoto. Kila baya wakaniuliza, Hussein, mbona dua hazipokelewi? Nikawaambia tuzidi kuomba. Leo nisimame niseme mlikuwa mnaomba juu ya gogo langu? Hawatanipiga, hapana. Watanitenga. Watoto wangu hawatazikwa na watu. Binti yangu ataachwa."

"Kijana ana mke mjamzito."

"Nimemwona. Nimemwona pale kituoni."

"Basi njoo useme. Nitasimama na wewe."

Mzee akatikisa kichwa, na Joha akaona kwamba alikuwa ameshalipima jambo hili usiku na mchana kabla yeye hajafika. "Sitasema uongo, mwanangu. Nimesema uongo mmoja, unanitosha. Mahakamani wataniuliza, kigoda hiki ndicho cha wazee wako? Nitasema sicho. Wataniuliza, kina alama ya yule mama? Nitasema kinayo. Hapo nitakuwa nimesema kweli tupu."

"Na kweli hiyo itamfunga mtu asiye na kosa!"

"Ndiyo," mzee alisema, sauti imekwisha. "Ndiyo, itamfunga."

Joha alitamani amshike kanzu amtikise. Alitamani pia amwambie pole. Hakufanya moja wala jingine. Aliaga, akasahau hata kunywa yale maji.

Amos alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini, mikono kichwani.

"Nakuamini," alisema. "Haki ya Mungu, kila neno. Nilimpigia mzee simu uliponidokeza ukiwa njiani. Nimemwuliza, akanyamaza. Nimerudia, akasema tu, afande, mimi ni mgonjwa."

"Tupeleke kigoda kwa wataalamu. Mti mpya na wa kale haiwezi kufanana."

"Nimeshaomba. Watajibu watakapojibu. Lakini hata wakisema ni kipya, Joha, ukoo utasema nini? Watasema ndiyo, ni kipya, kwa sababu mwizi kabadilisha."

Joha akakaa kitini. Kila alichokipata kuthibitisha kwamba Boniface hakuiba, kikigeuzwa kidogo tu, kilithibitisha kwamba ameiba.

"Nina neno lako," Amos aliendelea, "nina mzee bubu wa hiari, na nina mgonjwa anayeitikia kila kitu. Niambie nimpe hakimu kipi."

Asubuhi karandinga lilisimama uwanjani, injini inanguruma. Wazee wa Chanzuru walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, safari hii bila kuimba. Joha ndiye aliyemtoa Boniface, kwa sababu aliona ni woga kumwachia mtu mwingine.

"Afande, umempata?" Boniface aliuliza, pingu mikononi, uso wote una matumaini.

"Hakuna aliyeiba, Boni."

Kijana akacheka kwa mshangao, akageuka kumtafuta mkewe. "Umesikia, Raheli? Hakuna aliyeiba!" Kisha akamrudia Joha. "Basi nakwenda nyumbani?"

Joha akamshika kiwiko, akamsaidia kupanda ngazi ya gari. Boniface alipanda kwa sababu mguu ulishainuliwa, na ni pale mlango ulipofungwa ndipo alipoanza kuita. Aliita afande, akaita mama, akaita jina la mkewe. Gari likageuka kuelekea barabara ya Morogoro.

Raheli alibaki katikati ya uwanja na hotipoti yake, chakula hakijaguswa. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kuketi, akamwona Mzee Mwinshehe amesimama peke yake kando ya lango, mbali na wenzake. Joha alijua anakwenda wapi kabla hajapiga hatua, na hakuwa na haki ya kumzuia.

Yule mwanamke akamsogelea mzee, akapiga goti moja, kwa shida, tumbo limemzuia.

"Shikamoo, babu. Wewe ni mtu wa dua. Niombee mume wangu arudi."

Mzee akatazama kichwa chake kilichoinama. Mdomo ukafunguka, ukakaa wazi, na Joha, aliyekuwa anafunga lango nyuma ya gari, akaacha mkono juu ya komeo.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema.

Akafunga mdomo.